Tai ya Marehemu Ilikuwa Mfukoni Mwangu

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na salamu nitazunguka. Mimi ni mwanamume mzima, nina mke na watoto, nina kazi ya ofisini. Nimewafanya ndugu wawili wa tumbo moja wasisemeshane kwa miaka mitatu kwa sababu niliona aibu kusema maneno matatu tu: sijui kufunga tai.

Mnaweza kucheka. Habari hii ingekuwa ya mtu mwingine hata mimi ningecheka. Nisikilizeni kwanza, halafu mcheke mkitaka.

Hapa Lushoto mjini wananiita Mzee wa Tai. Si mzee, sijafika arobaini. Jina lilitokana na mavazi. Baridi yetu inamruhusu mtu kuvaa koti hadi mchana bila kutoka jasho, na mimi niliitumia ruhusa hiyo yote. Koti, shati lililopigwa pasi, tai, kiatu kinachong'aa hata kama njia ya kutoka kwangu ni matope matupu.

Na nilikuwa na masharti, jamani. Ncha ya tai iguse chuma cha mkanda, isizidi, isipungue. Shati la mikono mifupi halivaliwi tai. Shati la mistari na tai ya mistari haviendi pamoja. Chini ya fundo kuwe na kibonyeo kidogo katikati, hapo ndipo mtu anayejua anapojulikana. Hayo niliyasema kazini, niliyasema kwenye kamati za harusi, niliyasema hata kwa watu ambao hawakuniuliza.

Sasa ukweli. Lile fundo zuri halikuwa langu. Lilikuwa la Fundi Saidi, fundi cherehani mwenye kibaraza karibu na soko. Mzee wa watu, kofia yake kichwani, hajavaa tai kwenda popote maisha yake yote, lakini mikono yake inazijua kuliko sisi tunaozivaa. Nikinunua tai mpya nampelekea. Anaivaa yeye shingoni juu ya kanzu, anaifunga, anailegeza, anaivua kichwani na kunikabidhi. Mimi kazi yangu ilikuwa kupitisha kichwa na kuvuta juu.

Nyumbani nilikuwa na tai kumi na moja zimening'inia kwenye misumari, zote zimefungwa tayari. Nyingine zilikuwa na miaka sita hazijafunguliwa. Mke wangu aliamini ndivyo zinavyotunzwa, kwa kuwa ndivyo nilivyomwambia.

Kila nikienda, Fundi Saidi alisema maneno yaleyale.

"Kaa hapo nikufundishe, bwana mkubwa. Dakika tano tu."

"Siku nyingine, fundi. Nawahi kazini."

Kibaraza kile kinatazama njia ya sokoni. Kila mtu anapita pale. Mzee wa Tai akae kwenye benchi afundishwe kufunga tai mbele ya wauza karoti? Sikuweza. Miaka inakwenda, dakika tano zinanishinda.

Ubaya zaidi, vijana walikuwa wananiletea tai zao niwafungie. Nilizichukua, nikasema nitawaletea kesho, nikazipitisha kwa fundi. Nikiwarudishia nawaonya wasizifungue kamwe, eti kitambaa kinachoka. Maneno hayo niliyatunga mwenyewe. Leo kuna vijana Lushoto wanayaamini kama amri.

Sasa nimtaje rafiki yangu. Nitamwita Zakayo. Tulisoma sekondari pamoja, tukalala bweni moja. Kwao ni Shume, hukuhuku milimani kwetu, ila yeye alipata kazi Tanga akahamia huko. Baba yake alikuwa msimamizi kwenye mashine ya mbao, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa huko kwenye usharika wao wa Kilutheri. Msumeno ulimkata vidole viwili vya mkono wa kulia zamani sana. Nimemwamkia mara nyingi na kuushika mkono ule wenye vidole vitatu.

Yule mzee alikuwa na tai moja tu. Ya bluu iliyokolea, na mistari myembamba ya rangi ya damu ya mzee. Kila Jumapili ilikuwa imekaa sawasawa, na kibonyeo chake chini ya fundo. Niliwahi kuitazama kwa wivu wakati wa ibada mpaka mahubiri yakanipita.

Mzee alifariki mwaka uleule ambao Zakayo alipanga kuoa. Zakayo akaniomba mimi na mke wangu tuwe wasimamizi wao.

"Mgoshi, nani mwingine?" aliniambia, kwa namna yetu Wasambaa ya kuitana wanaume. "Utanivalisha wewe. Watu wa Shume waone."

Nilijiandaa. Tai za wapambe wote, pamoja na ya bwana harusi, nilizipitisha kwa Fundi Saidi. Rangi ya dhahabu, zinang'aa, zimefungwa, zimepangwa kwenye mfuko. Jumamosi ya harusi niliamka Shume nikiwa na amani kabisa. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni, ibada ni saa nne, na mimi nina kila kitu.

Saa mbili na nusu mama yake Zakayo akaingia chumbani kwetu akiwa na kopo la biskuti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Akalifungua. Ndani kulikuwa na tai ya marehemu, imefunguliwa, imekunjwa kwa kuviringishwa. "Nataka mwanangu aingie kanisani na baba yake. Wewe ndiye msimamizi, tena ndiye Mzee wa Tai. Umfungie."

Zakayo alilia. Kweli alilia, mwanaume mzima na povu la kunyolea kidevuni. Akaenda kuoga ili asionekane. Wapambe wakatoka kupisha. Nikabaki mimi na lile kopo.

Niliishika ile tai. Nikaizungusha shingoni kwangu mbele ya kioo. Upande mpana juu ya mwembamba, nilikumbuka hivyo kwa fundi. Nikazungusha. Nikavuta. Ikatoka kitu kama kifundo cha kamba ya mbuzi. Nikafungua. Mara ya pili upande mpana ukafika kifuani tu. Mara ya tatu ikafunguka yenyewe. Nikatoa simu nitafute video, kijiduara kikazunguka, kikazunguka, mtandao wa kule na ukungu ule hakuna kitu. Jasho likanitoka, na kitambaa kikaanza kuingia mikunjo.

Mlango ukagongwa. Nikaivua haraka na kuificha mgongoni.

Alikuwa Naemi, mdogo wake Zakayo, amebeba shati la bwana harusi lililotoka kupigwa pasi. Yeye ndiye aliyebaki nyumbani na baba yao mpaka mwisho. Nilikuwa nimeshasikia kwa Zakayo kwamba aliomba aachiwe ile tai kama kumbukumbu, wakagombana kidogo, Zakayo akasema tai ni kitu cha kiume na mtoto wa kiume ni yeye peke yake.

Naemi aliweka shati kitandani, karibu na kopo. Hakuondoka.

"Kaka, ile tai ya baba..."

"Kazi yangu naijua, dada," nikamkatiza. "Tupishe, muda umekwenda."

Akanitazama, akatoka. Mtazamo ule ninao hadi leo.

Nikasikia kandambili za Zakayo zinakuja kutoka bafuni. Ndugu zangu, hapo ndipo nilipokuwa na nafasi. Ningesema: rafiki yangu, mimi tai sijui kufunga, tumtafute anayejua. Angenicheka wiki mbili, ikaisha. Badala yake nikaichukua tai ya marehemu, nikaisukuma kwenye mfuko wa ndani wa koti langu, nikafunika kopo, nikasogea dirishani kana kwamba natazama kama gari limefika.

Zakayo akafungua kopo.

"Iko wapi?"

"Si nimeiacha humo?" nikasema. Ulimi wangu ulikuwa mwepesi ajabu. "Nilitoka kidogo kuangalia gari."

"Nani kaingia?"

Sikumtaja. Nataka mjue kwamba sikumtaja, na nataka mjue pia kwamba hiyo haipunguzi kitu. Niliangalia tu lile shati kitandani, na yeye akaliangalia.

"Naemi," akasema.

Yaliyofuata yalikuwa mafupi. Zakayo alimwita dada yake sebuleni mbele ya mashangazi na wapambe. Naemi akakana. Akaambiwa afungue mkoba wake, akaufungua, vitu vikamwagwa mkekani: kitambaa, kitana, bahasha ya zawadi ya harusi. Hawakuiona. Zakayo akamwambia ameificha kwingine, kwamba ameshindwa kumwachia hata siku moja. Mama yao akasimama katikati akisema jamani leo ni harusi.

Na mimi? Mimi nilifungua mfuko wangu, nikatoa tai ya dhahabu iliyokwisha kufungwa, nikampitishia Zakayo kichwani. Mashangazi wakasema afadhali msimamizi mwenyewe ni mtu makini. Nilishukuriwa. Tai ya baba yao ilikuwa inagusa mbavu zangu, na nilishukuriwa.

Naemi alikaa nje ya kanisa ibada nzima. Ukumbini alikuwa amepangwa kusema neno kwa niaba ya familia. Shangazi ndiye aliyesema.

Baada ya harusi, Zakayo hakumpigia tena dada yake. Naemi naye hakumpigia. Mwaka uliofuata akaolewa huko Zirai, upande wa pili wa milima yetu, kwa mkulima wa iliki, na kaka yake hakwenda. Akajifungua, kaka yake hakwenda. Krismasi mbili mama yao alikula na mtoto mmoja mmoja kwa zamu, huyu akija yule haji.

Kuitupa ile tai sikuweza. Kuirudisha sikuweza. Koti lile sikulivaa tena, nikalitundika nyuma kabisa ya kabati. Mke wangu aliuliza mbona koti zuri vile halivaliwi. Nikamwambia linanibana.

Mwaka jana mama yao akaanza kuumwa presha. Nilipokwenda kumwona alinishika mkono.

"Mwanangu, wewe ndiye msimamizi wa ndoa ya Zakayo, na wewe ni mtu wa busara. Nipatanishie watoto wangu nikiwa bado naona."

Nikakubali. Sijui mtu wa namna gani anakubali kitu kama kile, ila mimi nilikubali. Nikampigia Naemi simu.

"Mama yako anaumwa," nikamwambia. "Omba msamaha yaishe."

"Msamaha wa nini, kaka? Sikuchukua."

"Hata kama hukuchukua. Kwa ajili ya mama."

Mtoto alikuwa analia nyuma yake. "Sawa," akasema.

Akaja Shume na mtoto mgongoni, safari ya kutoka Zirai ambayo hata mtu asiye na mtoto inamchosha. Tukakaa sebuleni kwa mama yao, mimi kwenye kiti cha mpatanishi. Naemi akapiga magoti mbele ya kaka yake.

"Kaka, nisamehe. Ni mimi niliyeichukua."

Nilimwona Zakayo kabisa anaanza kulegea. Kisha akasema kitu ambacho mimi, mpatanishi mzima, sikukifikiria.

"Basi nirudishie."

Naemi akainamisha kichwa. "Sinayo."

"Umeipeleka wapi?"

"Sijui."

"Tai ya baba umeichukua, halafu hujui umeipeleka wapi?"

Naemi hajui kusema uongo, mimi ndiye ninayejua. Zakayo akasimama akasema umekuja kunichezea mbele ya mama mgonjwa, bora ungenyamaza. Akatoka. Mama yao akaanza kulia bila sauti, na chai ikapoa mezani.

Nilimsindikiza Naemi kituoni. Nilimbebea begi. Alipopanda gari alinigeukia akasema, "Asante kaka, angalau wewe umejaribu."

Asante ile ndiyo iliyonivunja. Laiti angenitukana.

Wiki ileile nilitoa koti kabatini, nikatoa tai, nikaenda kwa Fundi Saidi. Ilikuwa siku ya soko. Nikakaa kwenye benchi, uso kwa njia.

"Shikamoo, fundi. Nimekuja kujifunza."

"Marahaba." Hakucheka. Aliichukua tai akaipitisha kati ya vidole. "Hii si yako."

"Umejuaje?"

"Hii ilikuwa inafunguliwa kila ikivuliwa. Tai inayolala na fundo inakufa shingo. Mikunjo hii ni mipya." Akaniangalia. "Ya nani?"

Nikamwambia yote. Alikuwa mtu wa kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tu, "Weka shingoni." Nikajifunza huku akina mama wauza karoti wakitazama, na mmoja akasema kwani Mzee wa Tai leo anafanywa nini. Mara ya nne ikakubali. Dakika tano alizoniahidi hazikutosha, zilikuwa kumi.

Kesho yake nikateremka Mombo, nikapita Muheza, nikapanda hadi Zirai. Nilimkuta Naemi anaanika iliki uani. Nikamwambia nilichofanya nikiwa nimesimama, kwa sababu niliona sistahili kukaribishwa kiti. Nikampa tai.

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kigoda akaitandaza juu ya goti, akaanza kuinyoosha mikunjo kwa kiganja, polepole, kutoka juu hadi kwenye ncha. Kisha akaizungusha shingoni kwake. Vidole vyake vilikwenda bila yeye kuviangalia. Kufumba na kufumbua fundo lilikuwa limekaa, na kibonyeo kile kile chini yake.

"Baba hakuwa na vidole vya kufungia," akasema. "Alinielekeza kwa maneno nikiwa darasa la tano. Kila Jumapili nilimfungia mimi, na tukirudi kutoka kanisani naifungua. Kaka alikuwa shule, halafu Tanga. Hakuwahi kujua."

Miaka yote ile nimeushika mkono wa yule mzee na sikuwahi kujiuliza.

"Siku ile nilipoleta shati," akaendelea, "nilikuja kukuomba uniachie niifunge. Mama alinikataza, alisema nitamwaibisha msimamizi. Mimi nikaona nikuombe kimya kimya. Ningeifunga, nikatoka, wewe ungesema umefunga wewe."

Hayo ndiyo niliyoyafukuza mlangoni.

Nilimpigia Zakayo nikiwa palepale, nikamweleza mbele ya dada yake. Alikata simu. Siku ya pili alifika Zirai, na niliambiwa alikaa uani na Naemi kutwa nzima, na kwamba tai ile imebaki kwa Naemi. Mama yao Krismasi iliyopita alikula na wote wawili. Mimi sikualikwa, na ni haki.

Zakayo aliniambia maneno machache. "Sikutukani. Ila usinipigie." Nimepoteza rafiki niliyeanza naye tukiwa na kaptula. Mama yao nikimwamkia ananiitikia marahaba, basi, mkono hanipi. Mke wangu alikaa siku nyingi bila kunisemesha, maana yeye alisimama kanisani pembeni yangu huku mimi nikiwa na kile kitu mfukoni. Siku moja nilirudi kutoka kazini nikakuta ameshusha tai zote kumi na moja kwenye misumari na kuzifungua. Nyingine zilikuwa na makovu ambayo hata pasi haikuyatoa.

Siku hizi nikivaa tai naifunga mwenyewe. Mara nyingi inakaa upande, na kazini wananitania kwamba Mzee wa Tai amechoka. Nawajibu kwamba ndiyo kwanza naanza kujifunza. Wanadhani ni utani.

Wewe kijana unayesoma hapa, ambaye tai yako iko msumarini na fundo la mtu mwingine, ifungue leo. Tena kama ni mimi niliyekwambia isifunguliwe, nilikudanganya, nisamehe. Ukishindwa kuifunga tena, ukashindwa na kitu chochote kile ambacho watu wanaamini unakijua, sema umeshindwa, hata kama ni saa moja kabla ya harusi. Huenda anayejua yuko chumba cha pili, anakupigia pasi shati, anasubiri umwite.